Tangi la samaki juu ya kabati la nyumbani: kusoma dalili kabla kioo hakijapasuka

Tangi la samaki likipasuka, wa kwanza kulaumiwa ni fundi vioo: kioo kilikuwa chembamba, silikoni alipaka kidogo, hakuiacha ikauke. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tangi lililokaa miezi minne salama juu ya stendi ya TV, halafu usiku mmoja likaachia mshono, mara nyingi limeponzwa na kilicho chini yake. Bodi hupinda kidogo kidogo bila kelele. Kioo hakikubali kupindishwa. Siku tofauti kati ya hivyo viwili ikizidi, kabati linabaki limesimama na maji yanakuwa sebuleni. Kwa hiyo dalili zote hapa chini zinasomwa kuanzia sakafuni kwenda juu.

Uzito halisi

Wengi hukisia uzito kwa macho, na macho yanadanganya kwa sababu maji hayaonekani mazito. Hesabu yenyewe ni rahisi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha mm 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba, cha mm 8 kilo 20, cha mm 10 kilo 25. Lita moja ya mchanga ni kama kilo 1.6.

Chukua tangi dogo la sm 60 kwa 30, kimo sm 36, kioo cha mm 6. Kioo peke yake ni kilo 12. Mchanga wa unene wa sm 5 ni kilo 14. Maji yakiishia sm 5 chini ya ukingo, ni kama lita 50. Jumla kilo 76, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya kabati na hashuki. Tangi la mita moja kwa sm 40, kimo sm 50, kioo cha mm 8: kioo kilo 36, mchanga kilo 32, maji lita 168. Hizo ni kilo 236, karibu mifuko mitano ya saruji, usiku na mchana, mwaka mzima.

Halafu kuna mawe. Mawe ya vilima vya Mwanza ni granaiti, na lita moja ya granaiti ina uzito wa kilo 2.6 hivi. Likizama, jiwe husukuma nje maji ya ujazo wake, kwa hiyo kila lita ya jiwe inaongeza kilo 1.6. Anayefuga furu wa miambani, samaki wadogo wa Ziwa Victoria wanaoitwa mbipi, hupenda kupanga mawe hadi nusu ya tangi ili samaki wapate mapango. Lita 30 za mawe kwenye tangi la mita moja zinafikisha mzigo kilo 284. Hesabu mawe kabla hujamuuliza seremala kama kabati linatosha, si baada.

Kama ni ya dharura

Usisome zaidi ukiona moja ya haya: maji yanatoka, kioo cha chini kina ufa, mguu au ubao wa kusimama umepasuka, au kabati linalia na mwanya wa mlango unabadilika ukiwa unautazama. Zima umeme kwenye swichi ya ukutani kwanza, kwa mkono mkavu. Kisha vuta maji kwa mpira hadi yabaki nusu. Kwa tangi la mita moja ni kama ndoo nne za lita 20. Samaki wanaweza kubaki kwenye nusu hiyo kwa muda kama maji hayavuji. Yakivuja, wahamishie kwenye ndoo zenye maji yao yaleyale pamoja na sponji ya chujio ikiwa imelowa, maana bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo.

Usinyanyue tangi lenye maji, hata robo. Kioo cha chini kikishikwa kona mbili tu kinabeba uzito ambao hakikutengenezwa kuubeba, na mshono unaoachia wakati huo unaachia mikononi mwako.

Mstari wa maji umeinama

Hii ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Zima chujio maji yatulie. Chukua futikamba, pima kutoka ukingo wa kioo hadi kwenye maji katika kona nne, uandike kwa mpangilio wa kuzunguka: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto.

Tuseme umepata mm 40, 43, 46, 43. Jumlisha kona zinazotazamana: 40 na 46 ni 86; 43 na 43 ni 86. Jumla zikilingana, tangi limeinama tu, limekaa juu ya uso ulionyooka ulio na mteremko. Sasa tuseme umepata 40, 43, 41, 43. Jumla moja ni 81, nyingine 86. Hapo ukingo haupo kwenye uso mmoja: ama kona moja chini haijashikwa na tangi linasokotwa, ama fundi alikata vioo vya kimo tofauti. Ili kutenganisha hayo mawili, tangi linapokuwa tupu ligeuze kichwa chini juu ya sakafu ya tailizi iliyonyooka. Likicheza, ukingo ndio mbovu na vipimo vyako vya kona inabidi uvilinganishe na vile ulivyochukua siku ya kwanza.

Mwinamo mtupu wa mm 3 kwenye tangi la sm 60, au mm 5 kwenye la mita moja, utaurekebisha ukipata nafasi. Kusokotwa kunakozidi mm 2 hakusubiri wikiendi.

Chanzo cha kawaida cha mwinamo ni sakafu yenyewe. Nyumba nyingi sakafu hupewa mteremko wa makusudi kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, na nyumba za mabondeni na vilimani zina sakafu zilizoinama jinsi fundi alivyopenda. Weka pima maji sakafuni kabla hujamlaumu seremala. Tiba ni kusawazisha chini ya kabati, tangi likiwa tupu. Tumia vibao bapa vya mbao ngumu vya unene tofauti, upana usiopungua sm 5, vinavyojaza chini ya mguu mzima. Kabari kali inashika kwa mstari mmoja tu na kesho yake inabonyea. Kama kabati halina miguu bali lina ubao wa kuzunguka chini, weka vibao kila sm 20 hadi 30. Ukiweka kwenye kona peke yake, ubao huo unageuka daraja.

Kosa linalorudiwa sana ni kuchomeka kibao kati ya tangi na kabati ili maji yanyooke. Maji yatanyooka kweli. Lakini kioo cha chini sasa kimekaa juu ya kibao kimoja na kona mbili, na sehemu nyingine yote inaning'inia.

Milango na droo zinakwama

Kabla ya kulaumu tangi, jaribu milango mingine ya mbao ndani ya nyumba. Wakati wa mvua za vuli na masika mbao huvimba, na kama hata mlango wa chumbani unasugua fremu, jibu umelipata. Kama ni kabati peke yake, tazama umbo la mwanya.

Mwanya ukiwa mpana kona moja ya juu na mwembamba kona ya pili, kabati limelala upande: mstatili umekuwa msambamba. Thibitisha kwa kufungua milango na kupima tundu la kabati kutoka kona ya juu kushoto hadi chini kulia, halafu kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa vilingane. Tofauti ya zaidi ya mm 3 kwenye kabati la mita moja inatosha kukufanya utoe maji. Sababu karibu kila mara ni mgongo. Fanicha nyingi za sebuleni zimefungwa mgongo wa hadibodi ya mm 3 kwa misumari myembamba, wakati mgongo ndio unaozuia kabati lisilale. Bandua hadibodi, sukuma kabati hadi vipimo vya kona vilingane, kisha funga plaiwudi ya mm 12 kwa gundi ya mbao na skrubu za mm 35 kila baada ya sm 15, pembeni kote na kwenye kila ubao wa kusimama. Tundu la kupitishia waya na mipira litobolewe dogo, juu karibu na kona, lisiwe dirisha.

Milango ikisuguana katikati kwa juu, pale miwili inapokutana, huku pembeni mwanya ni ule ule, ubao wa juu umebonyea. Hilo lina sehemu yake hapa chini. Mlango mmoja tu ukishuka, kaza bawaba, basi.

Droo zina ugonjwa wake. Kabati la droo likitazamwa kwa ndani ni tundu tupu kutoka mbele hadi nyuma. Katikati hakuna ubao hata mmoja unaofika chini. Droo ya juu ikianza kukwama wiki chache baada ya kuweka tangi, usiipake mshumaa ili iteleze. Ubao ulio juu yake umeshuka na sasa umeilalia.

Ubao wa juu umebonyea

Vuta uzi uliokazwa kutoka ncha hadi ncha ya ukingo wa mbele wa kabati, au tumia kipande cha alumini kilichonyooka, uone mwanya wa katikati. Kipimo cha pili ni karatasi: jaribu kuichomeka chini ya ukingo wa tangi, pande zote. Ikiingia katikati na kukataa kwenye ncha, ubao umebonyea. Ikiingia kwenye ncha na kukataa katikati, ubao una kibyongo. Ikiingia kona moja tu, rudi kwenye hesabu ya kona nne.

Ubao unaposhuka katikati, tangi halishuki nao. Linabaki limekaa kwenye ncha zake mbili kama benchi, na mzigo wote unapita kwenye mishono ya chini. Chipbodi na MDF, yaani bodi za chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zina tabia mbaya zaidi: huendelea kubonyea kwa mzigo uleule bila kuongezwa kitu. Kabati lililoonekana sawa mwezi wa kwanza halijathibitisha chochote.

Kuna kanuni moja ya kukumbuka. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, ugumu wake unapanda mara nane. Ukiweka nguzo katikati, kubonyea kunapungua zaidi ya mara kumi. Nguzo ni rahisi kuliko ubao mpya, lakini ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaonekana ukilala chini na tochi.

Tazama chini ya stendi ya TV ya kawaida. Ina miguu mifupi ya sm 8 kwenye kona, na ubao wa chini wa mm 16 unaoelea hewani kati ya miguu hiyo. Mtu anakata kipande cha mbao ya mbili kwa nne, anakisimamisha ndani ya kabati katikati, anakigonga kwa nyundo kikakaza, anafurahi. Nguzo hiyo imesimama juu ya ubao unaoelea. Mzigo umetoka ubao wa juu ukahamia ubao wa chini, ambao ni mwembamba zaidi, na baada ya wiki mbili vyote viwili vimebonyea pamoja. Nguzo ya kweli inafika sakafuni. Chini ya ubao wa chini, mahali palepale nguzo inaposimama, weka kipande kingine cha mbao ngumu kinachojaza nafasi hadi sakafuni. Ukigonga kila kipande kwa kidole vyote viwe vimekaza sawa.

Utaratibu wenyewe, tangi likiwa limeondolewa:

1. Pima kimo cha ndani kwenye ncha, usipime katikati palipokwisha kubonyea. Kata nguzo mbili za mbili kwa nne, moja mbele na moja nyuma, kwa kipimo hicho.
2. Inua ubao wa juu kwa jeki ya gari na kipande cha mbao, taratibu, hadi uzi uguse ubao kote. Chomeka nguzo, funga kwa gundi na skrubu mbili juu na mbili chini. Nguzo ndefu kupita kiasi inaleta kibyongo, nacho hakina nafuu kuliko bonde.
3. Jaza chini ya kila nguzo hadi sakafuni.
4. Juu ya kabati weka plaiwudi ya mm 18 inayofunika eneo lote, iliyopakwa vanishi pande zote pamoja na kingo. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao. Kichwa kimoja kilichojitokeza nusu milimita kinatosha kuanzisha ufa.
5. Juu ya plaiwudi weka povu jeupe gumu la mm 10, lile la aina ya maboksi yanayopakiwa minofu ya sangara kwa ajili ya kusafirishwa. Sponji ya godoro haifai, inabonyea upande mmoja kuliko mwingine.

Povu linameza punje ya mchanga na kasoro za milimita moja. Halitibu ubao uliobonyea, ingawa linauficha vizuri sana. Na kama tangi lako ni la kiwandani lenye fremu ya plastiki chini, kioo cha chini kikiwa kimeinuliwa ndani ya fremu, usiweke povu kabisa: litasukuma kioo hicho kwenda juu.

Swali linalofuata huwa ni fanicha ipi inafaa bila matengenezo yote haya. Chache. Kabati la zamani la vyombo la mninga au mkongo, lenye mbao za kusimama zinazofika sakafuni kila sm 40 hadi 50, linabeba tangi la mita moja bila kulalamika, mradi mgongo uimarishwe. Meza ya ofisi ya chuma inafaa kwa tangi la sm 60 kama kona za tangi ziko juu au karibu na miguu. Meza ya kahawa, meza ya kioo, dresingi tebo, spika na juu ya friji, hapana. Stuli tatu zilizopangwa pamoja nazo watu hujaribu. Kila stuli inashuka kivyake. Kwa tangi linalozidi lita 150, gharama ya kurekebisha stendi ya chipbodi huwa inakaribia ya kumpa mchomeleaji kazi ya stendi ya skwea paipu ya inchi moja na nusu, na ya pili haioti ukungu.

Tangi linatetereka

Weka kidole kwenye ukingo wa juu wa tangi, sukuma kidogo kwa upande, uachie. Maji yatacheza, hilo halizuiliki. Unachotazama ni kabati: likirudi na kupita tena mara mbili tatu kabla ya kutulia, maungio yamelegea. Chomeka karatasi chini ya kila mguu. Mguu unaoikubali haujashika, na tiba ni kibao bapa. Miguu yote ikiwa imeshika na bado linayumba, tatizo ni maungio, hasa kwa meza za miguu minne ambazo miguu imefungwa kwa boliti moja moja. Boliti hizo zikikazwa zinalegea tena. Funga mbao za mshazari nyuma na pembeni, au plaiwudi ya mm 12 kama ya kabati.

Stendi ndefu na nyembamba, kwa mfano kimo sm 90 na kina sm 30, inahitaji kushikwa ukutani hata kama haiyumbi. Mtoto anayening'inia ukingoni ili aone samaki ni sababu tosha. Nyingine ni tetemeko: lile la Kagera la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Mwanza, na maji yakianza kwenda mbele na nyuma ndani ya tangi yanajisukuma yenyewe. Tumia vipande viwili vya engo, fisha (vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) za mm 8 na skrubu za mm 60 au zaidi. Lipu peke yake haishiki kitu. Skrubu iingie kwenye tofali.

Bodi imevimba au ina madoa

Maji yanafika kwenye bodi kwa njia nne, na mahali pa doa panasema ni ipi. Doa la mbele ni la mikono na ndoo wakati wa kubadilisha maji. Doa la nyuma chini ya waya ni maji yanayofuata waya wa pampu: waya ushuke chini kuliko soketi kwanza, kisha upande, ili tone lidondokee kwenye upinde badala ya kuingia kwenye ekstensheni. Doa linalozunguka pampu ya hewa iliyo ndani ya kabati lina historia ya umeme kukatika: pampu ikizimika, maji hurudi kwenye mpira wa hewa na kumwagika hadi tangi lishuke. Funga valvu ya njia moja kwenye mpira huo, au pampu ikae juu kuliko maji. Doa lililo chini ya mshono ni la mwisho kushukiwa na la kwanza kuhofiwa.

Kuhakikisha, kausha kila kitu, panga karatasi za gazeti kuzunguka tangi pande tatu hadi nne, rudi asubuhi. Palipolowa kwanza ndipo penyewe. Kama maji yanapungua na hakuna kilicholowa, weka ndoo ya maji wazi kando ya tangi na uweke alama ya gundi karatasi kwenye vyote viwili. Vikishuka sawa kwa siku tatu, ni jua na upepo wa ziwa, hakuna tundu.

Chipbodi iliyovimba hairudi. Ikikauka inaonekana nafuu, lakini gundi ya ndani imeshaachia na skrubu inazunguka bila kushika. Ubao wa juu au wa kusimama uliovimba unabadilishwa mzima. Kwa kabati ambalo bado zima, paka vanishi mara tatu kwenye kingo zilizokatwa, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo kuliko kwenye uso wenye fomaika.

Kuna pia unga mwembamba unaoonekana sakafuni chini ya kabati la mbao. Huo ni wa wadudu wanaotoboa mbao. Choma bisibisi kwenye mguu. Ikizama kirahisi, kabati hilo halibebi tangi tena.

Ufa au mshono ulioachia

Ufa una umbo, na umbo ni ushahidi. Ufa ulionyooka unaoanzia katikati ya ukingo wa kioo cha chini unatokana na kupindishwa: ubao umebonyea au umevimba. Ufa wa nyota wenye kitovu ni wa kitu kimoja kigumu. Nyota ikiwa na kitovu kinachochomoza juu, tafuta punje ya kokoto au kichwa cha skrubu chini ya tangi. Vinginevyo ni jiwe lililoanguka kwa ndani. Furu hufukua mchanga, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga siku moja linabaki bila msingi. Panga mawe ya chini moja kwa moja juu ya kioo yakiwa na kipande cha povu au plastiki katikati, halafu ndipo mwage mchanga.

Mshono wa kusimama ulioachia kuanzia juu, na kioo cha mbele kimetoka tumbo, hausababishwi na kabati. Ni kioo chembamba au tangi lisilo na mkanda wa kioo kwa juu. Hapo fundi vioo anahusika.

Kuongeza silikoni juu ya ile ya zamani ni kupoteza hela. Silikoni mpya haishiki vizuri kwenye kuukuu. Kata yote kwa wembe, futa kwa spiriti, bandika upya kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Iache angalau saa 48, na kwa mshono mnene wiki moja ni salama zaidi. Ile inayonuka siki isiguse samaki hadi harufu iishe kabisa. Jaribu tangi nje, juu ya povu, uwanja ukiwa umenyooka, kwa siku nzima.

Tailizi imepasuka chini ya mguu

Gonga tailizi kwa sarafu. Inayolia kama debe tupu haina saruji chini, na mguu wa sm 4 kwa 4 unaobeba kilo 60 utaipasua. Weka chini ya kila mguu kipande cha plaiwudi au chuma cha sm 15 kwa 15, au sogeza kabati hadi miguu iwe juu ya tailizi zilizoshiba. Zulia liondoke, mguu unazama humo kwa wiki kadhaa na kila mguu unazama kivyake. Kwenye ghorofa, kabati likae kando ya ukuta, mbali na katikati ya chumba.

Kujaza tena

Jaza robo, upime kona nne. Jaza nusu, upime tena, usubiri saa moja. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yalale siku nzima kwenye ndoo wazi kabla ya kumwagwa. Jaza kamili asubuhi ya pili, ili ukiwa macho ndipo mzigo uwe mkubwa kuliko wote. Andika namba nne za mwisho na tarehe kwenye gundi karatasi, uibandike nyuma ya tangi. Pima tena baada ya siku saba, baada ya mwezi, na mvua kubwa zikianza. Jumla za kona zikiachana kwa mm 2 kutoka zile za siku ya kwanza, chukua ndoo.